Sahihi ya Sita

Kayole,
14 Machi 1999

Baba Ndindi,

Sisi tuko salama. Ndindi ameng'oka meno mawili ya mbele, anakusalimu kwa mluzi. Maji yamerudi kwenye ploti tangu Jumanne.

Uliposema barua za posta zinachelewa, nilikupa anwani ya barua pepe ya maktaba yetu. Sikukwambia kompyuta ni moja, na iko kwa bosi. Yeye barua pepe huifanya kama barua yoyote ya ofisi: inachapishwa, inagongwa muhuri wa "Imepokewa", halafu inazungushwa kwenye faili, kila mtu akitia sahihi kwamba ameisoma.

Ijumaa Nalianya wa kaunta aliniletea chai bila kuombwa. Nilishangaa, mpaka faili iliponifikia. Yako ilikuwa na sahihi tano. Hata Mzee Lusweti wa mlangoni alijua kabla yangu kwamba umeoa huko na hutarudi.

Sikulia kazini. Nilitia sahihi ya sita, nikairudisha faili kabatini.

Ndindi sijamwambia. Hilo mwandikie mwenyewe, kwa mkono wako, na bahasha uifunge.

Ni mimi,
Mama Ndindi