Mate Yetu Yatasema Nini

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya yote nakuomba: isome barua hii peke yako. Bibi usimsomee, unajua hawezi kunyamaza, na ukimaliza uichome jikoni. Neno moja la humu likifika kambini Nakivale kabla ya sauti yako, litamuumiza mtu ambaye hajanikosea kitu.

Habari za Uvira? Mguu wa bibi unaendeleaje? Sisi tu wazima. Neema amekuwa mrefu karibu kunifikia, bado anasoma, na shamba letu dogo la Rubondo limetoa maharage. Mimi siku za kazi nalala Mbarara, ambako nimepata ukarani katika chuo kimoja. Jumamosi narudi kambini.

Chuoni nachapa maandishi ya mwalimu wa baiolojia, Madamu Kyomugisha. Tunaandaa maonyesho ya wanyama wa kwanza duniani. Ana nakala za plasta za alama zilizobaki kwenye miamba ya bahari za kale: kiumbe bapa kama jani, hakina mdomo wala miguu. Wataalamu walibishana kama ni mnyama, mpaka walipokuta kwenye jiwe mabaki ya mafuta ambayo wanyama huyatengeneza. Lakini mawe hayakuhifadhi kila kitu, kwa sababu mwili laini huoza. Kwa hiyo husoma pia jeni, yale maandishi ambayo mzazi humrithisha mtoto ndani ya mwili. Hulinganisha jeni za sifongo wa baharini, za konokono, za mtu, na kwa tofauti zake hujua nani aliachana na nani mapema, hata pasipo na jiwe.

Niliyapenda sana haya, Mama, hadi tulipoitwa ofisi ya wakimbizi. Nchi inayotaka kutupokea inataka kupima jeni katika mate yetu, mimi na Neema, Alhamisi ya wiki ijayo. Tulipofika hapa niliandika kwenye fomu: baba mmoja, mama mmoja. Sikuona kwamba nadanganya. Kwetu, anayeuliza mtoto ametoka tumbo la nani huondolewa kwenye chakula. Marehemu baba alimfukuza hata shangazi kwa swali hilo. Ningeandika nini kingine?

Nilimuuliza Madamu, kama mtu anayeuliza tu, je, watoto wa ndugu wawili waliolelewa pamoja, wakipimwa, wataonekana wa tumbo moja? Akacheka.

"Karani, hii maswali ni ya maonyesho ama ya nyumbani kwako?" Kisha akasema, "Itaonyesha babu ni mmoja. Baba, hapana. Damu haijui nani alilea nani."

Tangu siku hiyo nakosea hata kuchapa jina langu. Nikinyamaza, mate yatasema, na faili letu linaweza kufungwa kwa uongo. Nikisahihisha, watamwita Neema, na mtu asiyemjua atamwambia kwamba wazazi wake walikufa kabla hajaanza kutambaa. Pengine watamtenga awe na faili lake. Na baba alituapisha tusiseme. Hayupo tena wa kunifungua.

Jumamosi nilimkuta Neema anafua. Aliona uso wangu.

"Yaya, kaka yangu, unaogopa nini? Bakitaka mate, nitabapa ndoo nzima." Akakamua shati langu, akasema, "Tena bataona vile tunafanana."

Nikaondoka nikijifanya natafuta kuni.

Mama, Jumatatu nitakwenda kusahihisha fomu. Sitamwacha aingie chumba kile bila kujua. Lakini kumwambia si haki yangu kwanza. Wewe ndiye uliyemnyonyesha.

Nisalimie bibi, shangazi, mchungaji wetu, na jirani yetu muuza samaki wa ndagala.

Simu yangu usiipige, huwa naiacha kwa Neema. Mama muuza vitenge aliyekuletea barua atakupa namba ya fundi baiskeli, jirani yetu hapa Rubondo. Piga Jumapili hii mchana, tukishatoka kanisani. Tutakuwa tumekaa kwake wote wawili. Ukitaka nimwambie mimi, niulizie mimi. Ukiweza mwenyewe, mwambie fundi, "Nipe binti yangu." Atampa Neema simu.

Mwanao,
Amani