Duara kwenye mchoro wa marehemu

Shosti, acha unachofanya unisome! Nimetoka sasa hivi kwenye maonyesho ya michoro ya marehemu kaka yangu, nimekasirika kweli.

Aliyepewa kipaza sauti ni kaka yetu mkubwa. Yeye! Aliyemwita marehemu mhuni kwa sababu ya rapu, na siku filamu ya marehemu ilipooneshwa akazima tivii!

Eti, "Mimi ndiye niliyekiona kipaji chake mapema." Mapema! Macho makavu kabisa.

Halafu akasimama mbele ya ule mchoro mkubwa wa mama, wenye duara la kahawia katikati. Watu wanapiga picha, naye anawaeleza: "Duara hili ni maisha yasiyo na mwisho."

Shosti, ile ni alama ya ndoo! NDOO! Paa la huyo kaka mkubwa lilipovuja aliutandika mchoro sakafuni, akaweka ndoo juu yake, ili zulia lisilowe. Nilikuwepo!

Nikaangua kicheko, ukumbi mzima ukageuka. Msimamizi akaniuliza kwa upole, "Dada, kuna kazi zake nyingine nyumbani?"

Nikamjibu, "Zipo. Moja bado imeziba dirisha la choo cha huyo anayehutubia."