Kicheko Ulichokiamini

Kwako dada yangu mkubwa, yaya Nsimire,
Nguba, Bukavu.

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili kabla hujaanza kuuliza kwa nini nimekuandikia kwenye karatasi kama watu wa zamani. U mzima? Shemeji Deo mzima? Papa na maman wanalalaje siku hizi, na goti la maman limekubali kupanda ule mlima wa kwenu au bado linamsumbua? Na huyo mtoto wenu, Monseigneur, ana meno mangapi sasa? Mimi huku Cape Town ni mzima kabisa. Ninakula, ninalala, ninafanya kazi, na ninamshukuru Mungu kuliko nilivyozoea. Utaona sababu.

Barua hii anakuletea maman Espérance, mfanyabiashara wa vitenge anayesali nasi huku. Nimemwomba aiweke mkononi mwako wewe peke yako. Ningetuma sauti kwenye WhatsApp, lakini najua kwenu sauti inasikilizwa na nyumba nzima, pamoja na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Tena sauti mtu anaweza kuifuta akiingiwa na woga. Karatasi ikishaondoka imeondoka.

Kazi ni ile ile ya kulinda magari kwenye parking ya maduka. Navaa kizibao cha njano, nawaonyesha watu nafasi, nawaongoza wakirudi nyuma wasigonge. Wengine wanashusha kioo wananipa sarafu, wengine wanaangalia mbele kana kwamba mimi ni mti. Mimi niliyekuwa mwalimu wa hesabu, sasa nahesabu magari. Upepo wa huku unaweza kukuvua kofia na heshima pamoja. Lakini nina chumba, nina afya, na kila Jumapili tuna misa yenye kwaya ya Kiswahili, ambapo natia sauti ya tatu na hakuna aliyenifukuza bado.

Sasa lile ulilonituma. Uliniomba niwe parrain wa mtoto, baba yake wa ubatizo, na ukaniambia nitafute attestation, cheti cha padri wa huku kwamba mimi ni Mkristo anayesali. Wiki sita nimekuwa nakujibu kwamba padri hapatikani. Padri alipatikana mapema. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa, kwa sababu ya ile sauti uliyonitumia, ambayo naikumbuka neno kwa neno: "Murhula, batu bote balikuwa banalia, weye tu ndiyo ulicheka. Ile kicheko ndiyo ilinisimamisha. Nataka mutoto yangu akuwe na parrain ule mwenye kucheka namna ile."

Yaya, kicheko kile hakikuwa changu. Ilikuwa bangi.

Usitupe karatasi, ngoja nikueleze polepole. Naishi na Papy, kijana wa Kinshasa, mlinzi wa magari kama mimi. Ana miche miwili kwenye ndoo ya rangi nyuma ya nyumba. Huku sheria inamruhusu mtu mzima kuvuta nyumbani kwake, polisi hana neno. Basi Jumapili, baada ya misa na chakula, tulikuwa tunakaa uani tunavuta. Sikudanganyi, nilipenda. Magari yote niliyoyapanga wiki nzima yalikuwa yanaondoka kichwani moja moja. Nilijiambia siibi, simpigi mtu, na Jumatatu asubuhi niko kazini na kizibao changu. Papy naye alikuwa na hoja yake aliyoipenda kuliko chakula: kama padri anakunywa bia, nani atatuambia nini?

Jumapili ile ulipopiga tulikuwa tumeshavuta. Uligeuza simu unionyeshe mtoto kitandani hospitalini. Hakuwa amenyonya siku mbili, homa imemshika, wamemtia dripu ya serum kichwani na kuizungushia bandeji nyeupe iliyosimama juu. Ukasema, "Murhula, ona mutoto yangu." Nami nikaona kofia ya askofu. Hicho tu ndicho nilichokiona. Nikasema "Monseigneur", kama tunavyowaita maaskofu, nikaanza kucheka, na sikuweza kuacha. Ndani kabisa nilijua kuna jambo baya linasemwa, lakini lilikuwa mbali, kama redio ya jirani. Kisha nikakusikia nawe unacheka, na shemeji nyuma yako, na maman. Mpaka leo nyumba nzima inamwita mtoto Monseigneur, na kila mkinitumia salamu zake jina hilo linanichoma.

Halafu ukaniambia, "Sasa anzisha Salamu Maria, shiye tutaitika." Sala hiyo niliijua kabla sijajua kufunga viatu. Nikaanza, na sikufika hata pale mnapopokea ninyi. Nilitafuta neno linalofuata, halikuwepo. Nikakata simu. Kesho yake uliniandikia kwamba rezo ya simu ilikuwa mbaya, lakini mlimaliza wenyewe. Haikuwa rezo, yaya. Ilikuwa mimi. Mlisali bila mimi, na Mungu akamponya mtoto bila mimi, na kila siku namshukuru kwamba hakunisubiri.

Na kwa kuwa nimeanza, niseme na la zamani. Unakumbuka niliporudi kutoka Luhwindja, kwenye machimbo ya dhahabu, Papa akawaambia nina malaria? Ulinipikia supu ya sambaza wiki nzima, ukanisimamia mpaka nimalize sahani, na unanijua mimi na samaki. Haikuwa malaria. Kule tulikuwa tunavuta ili tusiogope kushuka shimoni. Papa alifika kwa miguu, viatu vimejaa tope, akanikuta nimekaa juu ya jiwe namcheka. Baba yangu mzazi, na sikumtambua. Hakunipiga. Alikaa chini karibu yangu, akangoja mpaka macho yangu yaliporudi, ndipo akasema, "Sasa uko unaniona? Basi twende." Njia nzima hakuniuliza kitu, na hakumwambia mtu, hata maman. Miaka yote hii amenitunzia aibu yangu na mimi sijawahi kumwambia asante. Nawe nisamehe zile supu.

Padri nilimwendea Jumamosi moja mchana. Ni mzaliwa wa Uvira, mzee kidogo, anavaa sweta hata jua likiwaka. Nilitaka asaini tu nikimbilie kazini. Akaniuliza kama nina la kusema kabla ya saini, na likatoka lote. Nilijitetea pia, unanijua. Nilimwambia sheria ya huku inaruhusu.

"Sheria iko inakuambia polisi hatakuja," akasema. "Haiseme kama weye uko muzuri."

Nikamwambia Papa wangu ni mkuu wa shirika, anaongoza sala za majirani, na kwenye kila ubatizo anakunywa pombe ya kasiksi mbele ya watu wote.

"Anakunywaka ngapi?"

"Glasi mbili, padri. Kisha anaanza kuimba."

"Anakumbukaka maneno?"

"Yote. Hata ubeti wa sita, ule ambao hakuna mwingine anayeujua."

"Basi muzee iko pale. Kama angekunywa mpaka apotee, ningemuambia ile niko nakuambia weye. Sasa weye, siku yaya yako alikuita, ulikuwa wapi?"

Nikwambie kweli, nilikasirika. Nikamtajia bibi mmoja wa parokia yetu mwenye kansa, ambaye daktari amempa mafuta ya mmea huo huo. Nilidhani nimemshika. Akasema ile ni dawa, hakuna anayemlaumu bibi kwa dawa. "Ule maman anaitumia juu maumivu ipungue, apate kukaa na bajukuu. Weye ulikuwa unavuta juu utoke pale batu yako biko." Hakuniita mtu mbaya. Alisema Mungu ametupa akili ili tukiitwa tuitike, na mimi nilikuwa naizima kwa kupenda, tena Jumapili, siku yake mwenyewe. Kisha akaniungamisha. Malipizi aliyonipa yalikuwa mafupi: nimwambie ukweli yule niliyemcheka.

Sikukuandikia siku ile ile. Nilitaka nikuandikie nikiwa nimeacha, si nikiwa naahidi kuacha, maana ahadi zangu unazijua tangu utoto. Leo ni wiki ya tano. Si nyingi, usinipigie vigelegele. Jumapili mchana imekuwa ndefu ajabu, nafua nguo ambazo tayari ni safi. Papy alinicheka sana mwanzoni. Baadaye akaihamishia ndoo yake upande wa pili wa nyumba bila kuambiwa, na juma lililopita alikuja akakaa karibu na beseni langu, akanisimulia habari za mama yake mpaka jua likageuka. Tumeishi pamoja miaka miwili na sikujua kama mama yake yu hai. Hilo nalo nalihesabu katika mambo ya kushukuru.

Attestation iko ndani ya bahasha hii, imesainiwa. Padri alisema yeye anaweza kuthibitisha kwamba nasali na kwamba nimetubu, lakini wewe ndiye mama wa mtoto. Ukiona parrain awe mtu mwingine, mchague, sitakununia. Nitabaki tonton, yaani mjomba wake, na nitamtumia viatu vya ubatizo vile vile. Nilichotaka ni kwamba usinichague kwa kicheko ambacho hakikuwa changu. Na nilitaka kukushukuru. Siku ile nilikutupia kitu kibovu, ukakishika, ukasimama nacho. Nguvu ile ilikuwa yako, yaya, haikutoka kwangu hata kidogo.

Lakini kama ukishasoma haya bado unanitaka, basi naomba Papa asimame mahali pangu siku ya ubatizo, amshike mtoto na kujibu kwa jina langu. Yeye anajua vizuri anajibu kwa ajili ya nani. Ile sehemu ya Luhwindja msomee yeye peke yake, mkiwa wawili, kisha mwambie ninasema asante, na kwamba sasa namwona.

Nisalimie maman, mwambie goti lake naliombea na dawa ya kuchua anayo maman Espérance kwenye mfuko mwekundu. Msalimie shemeji Deo, na mama mkwe wako aliyekaa na mtoto hospitalini zamu za mchana. Msalimie katekista wetu mzee aliyenifundisha kujibu misa, ila haya mengine asiyasikie, moyo wake umechoka. Na jirani wa chumvi pia, maana najua yuko hapo mlangoni.

Saa zetu na zenu ni sawa, kwa hiyo siku ya ubatizo nitaomba ruhusa kazini na nitakuwa nimekaa na simu tangu mapema. Simu yenu iwekeni karibu na kisima cha ubatizo. Padri akiuliza kama namkataa shetani, Papa atajibu huko na mimi nitajibu huku. Mkimaliza kumfuta mtoto maji kichwani, mnipe nafasi kidogo niianzishe tena ile Salamu Maria, ninyi mpokee. Safari hii ikikatika katikati, yaya, ujue ni rezo kweli.

Mdogo wako anayekupenda,

Murhula