Mutua Amenitangulia Hospitali

Kola, Jumanne, Agosti 1998

Eti mimi ni kipofu! Leo Mutua amenisimamisha njiani akanisalimia, na sikumjua mpaka alipocheka. Mtu tuliyevunja naye magadi kule ziwani miaka yote ile.

"Kioko wewe, hata mimi hunioni? Nenda wakutoe huo ukungu kwa macho, kama mimi."

Nikamwambia, "Wewe ulikuwa mwoga tangu zamani."

Kule ziwani ni mimi nilikuwa natangulia, nikigonga na mtaimbo lile ganda jeupe la magadi juu ya maji nijue kama litatubeba. Hakuna mwingine alithubutu. Jua lilipiga ule weupe likarudi kwa macho kama moto. Wasimamizi walikuwa na miwani nyeusi. Sisi tulijipaka masizi chini ya macho, tukaambiwa macho ya Mwafrika imezoea.

Imezoea! La kushoto limekufa. Daktari alisema hili lingine litapona nikienda haraka. Nimekataa mwaka mzima kwa sababu Mutua alitangulia.

Sasa hata huu mstari ninaoandika siuoni vizuri.

Kesho nitaenda. Nitafuata njia ya chini, ile haipiti kwa Mutua.