Kwa Johnstone Ondiek, Aliyesimama na Nyumba ya Mawe

Mwaka umezunguka, Baba Awuor, tangu tukulaze kule Ugenya kando ya mama yako, tukarudi Eldoret bila wewe. Mahindi yalivunwa, yakapandwa mengine, na baridi ya Julai imerudi tena. Bado nikisikia lango jioni nainua kichwa.

Naandika mimi, Leonida wako, kwa niaba ya nyumba nzima. Hatutamtaja aliyetukosea. Unajua siku hizi zilivyo, na wanaosoma wanajua pia. Tutasema yako tu.

Ulikuwa mkaguzi wa majengo hapa mjini tangu watoto hawajazaliwa. Hukuweza kuingia kwa mtu ukasalimu kwanza. Uligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukaangalia dari, ndipo ukakumbuka kwamba kuna watu wamekaa. Mimi niliangalia sakafu kwa aibu. Akina mama wa soko walipojenga vibanda, ulienda Jumamosi zako za kupumzika ukawaonyesha jinsi ya kusimamisha nguzo ili upepo usiezue mabati. Kanisani uliimba besi kwa nguvu, hata pale wimbo ulipokuwa umekupotea. Hakuna mtu aliyekaa kwenye kiti chetu akaegemea nyuma bila wewe kumwambia ashushe miguu ya kiti.

Mapenzi yako yalikuwa ile nyumba ya mawe karibu na mto Sosiani. Ilikuwa ya mawe ya kijivu yaliyochongwa kwa mkono, na nguzo za mtarakwa barazani ambazo ziliwashinda mchwa. Walowezi ndio walioagiza ijengwe, lakini ulituambia siku zote kwamba aliyeagiza si aliyejenga. Waliojenga ni watu kama Mzee Stephen Kiprotich wa kijiji cha Ziwa, ambaye ujanani aliswaga maksai waliovuta mawe yale. Ulipenda kumtania kwamba Ziwa lake halina hata samaki mmoja, naye alicheka mpaka akashika mbavu.

Baada ya uhuru nyumba ile ikawa ya watu wote. Mama Hulda alifundisha ngumbaru humo, na wamama waliokuwa na wajukuu waliandika majina yao kwa mara ya kwanza. Sisi pia tulikata keki ya harusi yetu humo, mvua ikipiga mabati hata hatukusikia hotuba ya kaka yako Oketch. Ulisema hiyo ndiyo iliyokuwa baraka ya kwanza ya ndoa.

Kisha mji ukaanza kukua. Chuo kikuu kilikuja, watu wakaja, na kila kiwanja karibu na barabara kikapata mtu anayekitaka. Aliyekitaka kile cha nyumba ya mawe alitaka kusimamisha ghorofa. Uliitwa ofisini ukaambiwa usimame mbele ya baraza la wananchi, useme nyumba imeoza na inaweza kuua watu.

Ulikuja nyumbani ukaketi bila kuvua koti.

"Wanataka niseme uongo juu ya nyumba," uliniambia.

"Nyumba haina masikio," nikakujibu. "Sema, tulale."

"Nyumba haina. Mzee Kiprotich anayo. Hulda anayo."

Siku ya baraza ulisimama na ile tai yako ya kahawia. Nilikuwa nimekaa na akina mama, nimemshika mwanetu Nicanor mkono. Ulisema, "Nimeikagua mimi mwenyewe. Kuta ni nzima na msingi ni mzima. Inataka mabati mapya, basi. Ikitunzwa, wajukuu wetu wataikuta." Hakuna aliyepiga makofi. Mkubwa mmoja akauliza, kwa sauti ya upole, "Kwani huyu anapinga maendeleo?" Katika miaka hii yetu neno hilo linatosha. Watu walianza kuondoka kwenye viti vya karibu nawe kabla hujakaa.

Kazi iliisha. Nyumba ya kazi kule mtaa wa West Indies tukaambiwa tutoke, tukahamia chumba kimoja hapa mtaa wa Munyaka. Marafiki uliowachorea ramani za nyumba zao walivuka barabara walipokuona. Kanisani benchi letu likawa na nafasi nyingi. Wewe uliendelea kuvaa tai kila asubuhi, ukagonga mlango wa kila ofisi, ukisema si lazima waipende nyumba, waitunze tu. Walikukaribisha kiti, wakakusikiliza, wakakuaga. Ulirudi jioni viatu vimejaa vumbi, ukaniambia, "Kesho nitajaribu kwa mwingine." Sikukuambia kwamba wengine walikuwa wamekwisha.

Tingatinga lilipokuja, ulikuwa kwenye baraza ya ile nyumba pamoja na Mzee Kiprotich na Mama Hulda. Watatu tu, na mimi niliyekuja kukuita urudi. Dereva, kijana aliyeitwa Kituyi, alizima injini akashuka.

"Mzee, naomba utoke," alisema. "Nina watoto."

"Na mimi ninao," ulimjibu. "Wewe huna kosa, kijana wangu. Lakini siwezi kutoka."

Kituyi alikaa chini kwenye nyasi akafunika uso. Akaletwa dereva mwingine, na pamoja naye askari. Mzee Kiprotich walimbeba kwa mikono na miguu kama gunia, mzee wa umri ule. Wewe walikuingiza kwenye gari. Nilibaki na kiatu chako kimoja. Ukuta wa kwanza ulipoanguka, Mama Hulda aliweka mikono kichwani akalia kwa lugha ya kwao.

Tulizunguka kila kituo cha polisi. Kila mahali tuliambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Nicanor aliacha kuzungumza shuleni mpaka mwalimu wake akaja kutuuliza kama ni mgonjwa. Ulirudi mvua zilipoanza, umekonda, kifua kinapiga filimbi. Hukutuambia walikufanyia nini. Niliuliza mara moja, ukageukia ukuta, nami sikuuliza tena.

Uliniomba nikupeleke ukaone. Tulitembea polepole, umeniegemea. Palikuwa pamezungushiwa mabati. Ulichungulia kwenye tundu la msumari kwa muda mrefu, halafu ukasema, "Hata mawe hawakubakiza." Malori yalikuwa yameshayapeleka, hatujui wapi. Tangu siku hiyo hukuvaa tai. Ulikohoa, ukaacha kula, na baridi ilipokuja ikakuchukua.

Baba Awuor, hiyo ghorofa haijajengwa. Pale kuna shimo, na shimo lina maji, na watoto wa mtaa hutupa mawe ndani kusikia mlio. Mzee Kiprotich haji mjini tena. Anasema haoni sababu ya kuja. Mama Hulda anafundishia nyuma ya kanisa, na mvua ikinyesha darasa limekwisha. Wanaokuja kunifariji wanasema ulipigana vita vizuri. Nawashukuru, nawapa chai. Wakiondoka nabaki nikijiuliza ulituachia nini. Nicanor aliniuliza kama baba yake alishinda. Nikamwambia ale.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu, na Awuor mwenyewe amekubali nikiandike. Unakumbuka jinsi ulivyofurahi binti yetu alipopata kazi ya kuchora ramani katika ofisi yako. Walipokuondoa wewe, yeye walimwacha, nasi tukadhani ni huruma; mshahara wake ndio unaolipa kodi ya chumba hiki. Sasa kuna mtu anayetaka yale maduka ya zamani ya barabara kuu, yenye veranda za chuma zilizopindwa kama maua, pale wanapokaa mafundi wa cherehani. Juzi Awuor alirudi kutoka kazini akasimama mlangoni.

"Mama, leo wameniita."

"Juu ya nini?"

"Yale maduka. Wanataka nisimame kwa baraza niseme kuta zimepasuka. Wanasema nikisema mimi, mtoto wa Ondiek, hakuna mtu atabisha."

Niliendelea kusonga ugali. "Na wewe ukasema nini?"

"Nimekataa. Nimewaambia nikisimama, nitasema nilichopima."

Nilitaka kumpiga, Baba Awuor. Nilitaka kumwangukia miguuni nimwombe arudi kesho awakubalie, kwa sababu nimezika mmoja na sina nguvu ya kuzika mwingine. Nilimpakulia. Alikula wote, akaosha sahani yake. Kisha nikapanda kwenye stuli nikaanza kushusha mapazia, tuyakunje kabla hatujaambiwa tutoke. Yeye akaja akashika upande wa pili.

Ninyi mnaotusikia tukizungumza naye, tunawaomba jambo moja. Baraza la maduka ni wiki ijayo, asubuhi. Siku ile baba yake alisimama peke yake, na sisi wote tulikuwepo. Njooni mkae karibu na huyu mtoto. Hata kama hamtasema kitu, msihame viti.

Ibada ya kumkumbuka itakuwa Munyaka Jumapili hii baada ya kanisa, ikiwa bado tutakuwa na nyumba. Kama hatuna, tutasimama nje.

Anayekulilia ni mimi mke wako, Leonida. Wanakukumbuka watoto wako, Awuor na Nicanor. Kaka yako Oketch na jamaa wote wa Ugenya. Mzee Stephen Kiprotich wa Ziwa. Mama Hulda na wanafunzi wake wa ngumbaru. Na Kituyi, ambaye aliacha kazi ile na huja kutupasulia kuni bila kuitwa.

Lala, Johnstone. Hakuna siku tutakayoamka tukiwa tumekusahau.