Nyumba Yenye Mlango Wangu

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, jino limeacha kukusumbua, na mbaazi zimepata angalau mvua moja. Sisi huku ng'ambo ni wazima. Baba anakohoa kidogo kwa vumbi la mbao, lakini unakijua kikohozi chake, kilikuwako hata kabla sijazaliwa.

Barua uliyoiposti Sultan Hamud ilifika. Niliisoma kwanza peke yangu, kisha nikamsomea Baba. Nilipofika pale uliposema kwamba tusipopata nyumba yenye mlango wangu kabla ya shule kufunguliwa nirudi nyumbani Matiliku, Baba aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Huyo ndiye mama yako. Hakuandika 'labda' hata mahali pamoja."

Kwa hiyo nakuambia mapema usisome kwa wasiwasi: tumepata nyumba. Mlango uko. Sasa nikueleze tulivyoipata, maana najua utauliza.

Pale nyuma ya duka tulipokuwa tunalala, ulikuwa na haki ya kukasirika. Sikukuandikia yote. Pazia kati yangu na Baba lilikuwa ile leso uliyonipa nilipoondoka, na ukigeuka vibaya kitandani twiga wa mbao wa kuuza wanaanguka. Mwenye duka ni mtu mwema, na ndiye aliyemleta Baba huku achonge mbele ya watalii, lakini stoo ni stoo. Hata shuleni muhula uliopita mwalimu aliponiuliza naishi wapi, nilitaja mtaa tu nikainamisha kichwa.

Mwenye duka alitupeleka kwa bwana mmoja anayeitwa Antonio, ambaye kazi yake ni kuwatafutia watu nyumba. Huvaa viatu vyeupe na hutembea mbele yako bila kugeuka. Kihispania cha Baba ni cha kuuzia twiga tu. Anajua bei, anajua kusema "mti mzuri" na "mwisho kabisa", basi. Kwa hiyo msemaji nilikuwa mimi, Mama, mimi ambaye nikiitwa kusoma aya kanisani hujificha nyuma yako.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ghorofa ya tatu, karibu na bahari kiasi kwamba ukifungua dirisha hewa ya chumvi inakupiga usoni. Bei ilikuwa nafuu kuliko tulivyotarajia. Vyumba viwili, kila kimoja na mlango. Nilishaanza kupanga vitabu vyangu kichwani. Baba alipapasa ukuta kwa kiganja, akaninong'oneza kwamba una unyevu, kwamba hapa mbao zitaota ukungu. Mimi nikajifanya sikusikia. Lakini unafuu wa bei ulinisumbua, maana Julai pwani hujaa watalii, nikajikaza nikamwuliza Antonio, "Na Julai?"

Akacheka. "Julai mnatoka, binti. Kila mtu anatoka mwisho wa Juni. Watu wa likizo wanakuja, na kwa wiki moja wanalipa kama ninyi kwa miezi."

"Tunaenda wapi?"

"Mnarudi Septemba."

Ndivyo wanavyofanya pwani hii, Mama. Nyumba za baharini ni za wapangaji wa majira ya baridi, halafu jua likiwaka wanafagiliwa nje. Na Juni ndio mitihani. Nilipomweleza Baba alisema, "Basi hiyo si nyumba, hiyo ni benchi la kungojea gari." Tukashuka ngazi zote zile.

Ya pili ilikuwa nzuri kwa macho. Ilikuwa peke yake, ina ua mkubwa wa kuchongea, na hakuna wa kutufukuza Juni. Baba hakuingia hata ndani. Alisimama mlangoni akatazama chini, akachota mchanga, akautawanya kiganjani kama mama anayechagua dengu. Mchanga msafi, mweupe, wenye vijiwe vya duara.

"Mwambie huu ni mto," akasema.

Nikamwambia. Antonio akasema ni barabara, kwamba yeye tangu azaliwe hajaona maji pale. Baba akaitikia kwa adabu, akasema hata mito yetu watu hupita juu yake na punda mwaka mzima, hadi siku maji yanaposhuka. Hatukubishana. Lakini naamini ungekuwapo usingetoa hata mguu kwenye gari.

Ya tatu iko juu mlimani, katika mitaa ya zamani, ambako nyumba zinashikana kuta. Kuta kavu, jua la asubuhi, mlango wangu wenye kitasa cha shaba. Shule ilikuwa inakaribia. Antonio akatoa kalamu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Tia sahihi leo. Na mwambie baba yako asimwambie mtu habari za kugonga mbao. Mkishaingia, mmeingia."

Nilimtafsiria Baba kama alivyosema. Baba akaniuliza, "Mama, nyumbani mtu akitaka kujenga huanzia kwa nani?" (Bado ananiita mama, kwa sababu nina jina la Susu, mama yake. Antonio hushangaa.)

"Kwa wanaopakana naye."

"Haya. Twende."

Nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi bila kuniambia. Alitoa mfukoni nusu kilo ya sukari na yale majani ya chai uliyotutumia, akasimama mbele ya mlango wa jirani, akaningoja nibishe. Nikabisha. Hakuna jibu. Nikabisha tena. Akatoka mtu mnene aliyevaa fulana, nywele zimesimama, macho mekundu. Jina lake Manolo.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nikayasema yote kwa pumzi moja. "Habari za mchana. Naitwa Mumbua. Huyu ni baba yangu. Yeye hupiga mbao kutwa nzima. Tunaomba kujua kama utachukia."

Manolo akamtazama Baba. Baba akaona labda hajaelewa, akatoa tezo lake kwenye mfuko ili amwonyeshe. Mama, hebu fikiria: mtu umetolewa usingizini, unafungua mlango, mgeni anatoa shoka dogo! Manolo alirudi nyuma hatua nzima. Antonio akajifunika uso. Baba kwa utulivu akaweka kipande cha mzeituni kwenye kizingiti, ko, ko, ko, akainua macho.

"Mwambie baba yako," Manolo akasema, "mimi ni mwoka mikate. Nafanya kazi watu wakilala, nalala watu wakifanya kazi. Akipiga hivyo nyuma ya kichwa changu, nitatoka na shoka langu mimi."

Nikatafsiri yote, hata shoka. Baba akacheka sana. "Mwambie asante."

"Asante ya nini, Baba?"

"Mwambie tu."

Akampa sukari na majani, akamshika mkono kwa mikono miwili, tukaondoka. Antonio alisema alituonya, na kwamba ana watu wengine wa kuwaonyesha nyumba. Akaenda zake na viatu vyake vyeupe. Mimi machozi yalinilenga. Nilimwambia Baba maneno ambayo sijawahi kumwambia: kwamba angenyamaza tungekuwa na nyumba, kwamba sasa nitarudi kwa ajili ya nusu kilo ya sukari. Hakunikemea. Alisema, "Ningenyamaza, yule angekuwa halali, na wewe ungekuwa unaogopa kufungua mlango. Mama yako aliomba mlango wa namna gani?"

 Tulikuwa tumefika kwenye kona tuliposikia mtu anaita. Manolo alikuwa dirishani, ameinua ile sukari juu kama kombe.

"Ninyi! Nani huleta sukari halafu anaondoka? Shukeni mtaa wa chini, kwa wakata marumaru. Muulizeni shangazi yangu. Pale hata mkifuga simba hakuna atakayesikia!"

Kweli kabisa. Shangazi yake, Doña Encarna (Doña ni kama kusema Bi), anakaa juu, na nyumba ya chini ni yake pia. Kando yake kuna karakana ya kukata marumaru, na mashine inalia tangu asubuhi kama kinu cha posho cha Matiliku siku ya soko. Hakuna mpangaji aliyedumu. Baba aliposikia kelele ile alitabasamu kama mtu aliyesikia wimbo wa kwao.

Lakini Doña Encarna hakutabasamu. Ni bibi mzee wa umbo dogo mwenye nguo nyeusi tupu, na maswali yake hayakuwa ya kelele. Alinitazama mimi.

"Mama yako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, Kenya."

"Naye anasemaje juu ya wewe kukaa hapa?"

Baba akaelewa bila kutafsiriwa. Akafungua Biblia yake, akatoa ile picha yako ya mbele ya kanisa, umevaa kitambaa cheupe na hujacheka. Bibi akaipeleka mwangani. 

"Huyu hajakubali," akasema.

"Bado," nikasema.

"Nami nisingekubali." Akamrudishia Baba picha, akashuka nasi kutuonyesha. Sharti lake ni moja: baada ya chakula cha mchana mashine hunyamaza na watu hupumzika, basi na tezo linyamaze. Habari za kutoka Juni hakuna. Akanipa mimi, si Baba, ufunguo wa chumba changu. "Mwandikie mama yako kwamba mlango unafungwa kwa ndani, na kwamba mimi naishi juu na sina usingizi mzito."

Nimekuandikia.

Nisalimie Susu niliyerithi jina lake, umwambie mwanawe anakula. Msalimie ndugu yangu Kioko, na umkumbushe kwamba baiskeli ni ya kuazimwa, si yake. Naye Ndanu mdogo wetu asome kamusi niliyoacha, asiikalie. Salamu kwa mwalimu wangu wa Kiswahili, kwa mchungaji, na kwa yule mama mnayeuza naye kunde sokoni. Manolo huacha mkate kwenye kizingiti chetu akitoka kazini, na bado anauliza ile chai hupikwaje. Nilipomwambia ni kwa maziwa, alidhani namtania.

Shule inafunguliwa keshokutwa. Leso yako sasa nimeitandika mezani, chini ya vitabu.

Usiku wetu wa kwanza hapa niliufunga mlango, nikaketi kitandani, sifanyi lolote, nasikiliza tu. Baadaye nikasikia viatu vya Baba vinakuja, vikasimama. Yeye ambaye siku zote alikuwa akikohoa tu upande wa pili wa pazia, alibisha, Mama. Akabisha, akangoja mpaka niliposema karibu.

Ni mimi binti yako anayekungojea useme sawa,
Mumbua