Kaka Anakidai Kisu Alichonipa Baba

Bi Salwa mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana hasira imenijaa.

Baba yetu alifariki mwaka huu na mimi ndiye niliyemuuguza hospitalini, kaka yangu Evaristi alikuja mara moja tu akasimama mlangoni anachezea simu, na siku moja baba akatoa chini ya mto kisu chake cha kukunja, kile alichotembea nacho mfukoni miaka yote, cha kumenyea machungwa na kukatia kamba, akakiweka mkononi mwangu akasema, "Mackrine, hiki chako, mimi sina tena cha kukata," na mama alikuwa ameketi pale pale anasikia. Matanga yalipoisha Evaristi akasimikwa kuwa mrithi, akapewa kibanja, yaani shamba la nyumbani na migomba yake, nyumba, mpaka kiti cha baba, nikakubali, ndiyo mila yetu, lakini aliponiona nakata kamba ya turubai kwa kile kisu akasema mbele ya ukoo wote, "Mwanamke hatembei na kisu cha mzee, kilete, la sivyo usikanyage kibanja changu," wakati humo ndimo baba alimozikwa na ndimo mama anamoishi. Nikamgeukia mama pale pale, nikamwambia, si ulisikia kwa masikio yako, naye akainama akasema, "Mimi sijui, mwanangu, mpe kaka yako yaishe." Tangu hapo sijampigia mama simu, na sijui nimchukie nani zaidi. Nikitoe?

Mackrine, Bugene

Marahaba, Mackrine, na pole kwa msiba. Hasira unayo haki nayo, ila nusu yake umeitupia mtu asiyestahili.

Mama yako anajua fika. Lakini anakula na kulala kwa Evaristi, na wewe ulitaka amuumbue mbele ya ukoo, kisha upande bodaboda urudi kwako. Yeye angerudi wapi? Kumnunia mjane kwa sababu anaogopa ni utoto. Mpigie leo, umwombe radhi.

Evaristi naye hana haya. Kapewa kibanja kizima, bado anauvizia mkoba wa dada yake. Kisu usikitoe. Mrithi huchukua alichoacha marehemu, na hiki baba yenu hakukiacha, alikugawia akiwa hai. Waambie wazee wa ukoo hivyo, kwa adabu, bila kumtaja mama. Evaristi akikuzuia kwenda kaburini au akimtishia mama kumtoa, usibishane naye barazani, nenda kwa mtendaji wa kata, kisha umtafute msaidizi wa kisheria.

Jumapili nenda kwa mama. Kaa naye jikoni, toa kisu, mmenye ndizi za mchana. Na Evaristi akianza hadithi zake za mwanamke na kisu, mwambie asisogelee chungu, kwa sababu kila ndizi aliyokula tangu azaliwe imemenywa na mwanamke mwenye kisu.